Namna ya kujiandaa na Verbal ya GRE ukiwa Uganda, bila kukremu kamusi nzima

Wengi wanaoanza kujiandaa na GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu hasa vyuo vya Marekani, hapa kwetu wanaanza na kitu kimoja, orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza iliyotumwa na rafiki kwenye WhatsApp, wanaanza kukremu kuanzia herufi A, wiki ya pili bado wako kwenye A na wamechoka na hawaoni faida yoyote. Ndugu yangu, dada yangu, nakuomba usianzie hapo. Verbal, yaani ile sehemu ya GRE ya kusoma na kuelewa Kiingereza, haipimi nani amebeba kamusi kichwani, inapima nani anasoma sentensi ngumu akaona inakoelekea kabla haijafika mwisho, na hilo linafundishika kabisa, hata ukiwa Arua au Mbale na simu yako na bando ndogo ya data.

Kabla ya yote fungua ukurasa wa programu unayoomba uangalie kama wanaitaka hiyo GRE, manake idara nyingi za Marekani siku hizi zimeiondoa au zimesema ni hiari, na ada yenyewe ni kama dola 220, hizo si hela za kuchezea. Pia usiichanganye na TOEFL au IELTS. Zile zinapima kama unajua Kiingereza. GRE inachukulia kwamba unakijua tayari, halafu inakuuliza unafikiri vipi ndani yake, ndo maana hata Wamarekani wenyewe inawatoa jasho.

Haya, sasa umbo lake. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, mzima unakula saa 1 na dakika 58. Verbal ina seksheni mbili, ya kwanza maswali 12 kwa dakika 18, ya pili maswali 15 kwa dakika 23, na alama zinaanzia 130 mpaka 170. Ukifanya vizuri seksheni ya kwanza kompyuta inakupa ya pili iliyo ngumu zaidi, na hapo usiogope, ugumu huo ndio mlango wa alama za juu, ukikaa kwenye seksheni rahisi huwezi kufika huko. Jibu la kosa halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali tupu hata moja. Na ndani ya seksheni maswali yote yana uzito sawa, lile la kifungu kirefu lililokutesa dakika nne lina thamani ileile ya lile ulilojibu kwa sekunde thelathini. Hilo watu wanalisikia wanaitikia kwa kichwa, halafu siku ya mtihani wanang'ang'ania swali moja kama lina deni lao.

Maswali yenyewe ni ya aina tatu: kujaza mapengo, ambayo kwenye skrini yameandikwa Text Completion, kuchagua maneno mawili yanayoleta maana moja, yaani Sentence Equivalence, na kusoma vifungu, ambako ndiko inakotoka karibu nusu ya Verbal yote.

Tuanze na mapengo, kwa sababu hapo ndipo wenye orodha ya maneno wanapoumia. Angalia sentensi hii niliyoitunga:

"Although the minister's speech was praised in the newspapers for its candor, those who had followed the project closely found it ____, for it passed over in silence the very delays that had made the inquiry necessary."

Majibu: evasive, tedious, forthright, eloquent, conciliatory.

Mtu wa kukremu anaruka moja kwa moja kwenye majibu matano, analijaribu moja moja, kila moja linasikika vizuri kwa sababu hotuba ya waziri inaweza kuchosha, inaweza kuwa na ufasaha, inaweza kuwa ya kupatanisha, na zote ni kweli tupu kwenye maisha yetu. Usifanye hivyo. Funika majibu kwa mkono, soma sentensi, tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni bawaba, neno linalogeuza mwelekeo, hapa ni "although", linakwambia nusu ya pili itapingana na nusu ya kwanza. Cha pili ni ushahidi, yaani ile sehemu ya sentensi inayolieleza pengo bila kulitaja, hapa ni ule mkia kuanzia "for it passed over in silence", hotuba iliyanyamazia yale yale yaliyosababisha uchunguzi. Sasa weka neno lako mwenyewe kwenye pengo, na sikia, si lazima liwe la Kiingereza. Mimi hapo ningesema hotuba "inakwepakwepa". Ondoa mkono sasa utafute linalokaribia kukwepakwepa, ni "evasive", umemaliza, na "forthright" iliwekwa pale makusudi ikungoje wewe uliyesoma nusu ya kwanza tu.

Neno lako likija kwa Kiswahili, au kwa Luganda, au kwa Lugbara, lipokee. Wengi wanaona aibu kufikiri kwa lugha ya nyumbani kwenye mtihani wa Kiingereza, wanajibana watafute neno la Kiingereza la kifahari, wakilikosa wanakwama, wakati maana walikuwa wanaijua tangu mwanzo. Kazi ya hatua hii ni maana tu.

Pengo likiwa moja unapewa majibu matano. Yakiwa mawili au matatu kila pengo lina majibu matatu, na hakuna maksi nusu, ukikosa moja umekosa swali zima. Si lazima uanze na la kwanza, anza na lile lenye ushahidi ulio wazi, mara nyingi la pili au la tatu, halafu rudi nyuma.

Kuna vijineno vidogo ambavyo ningekwambia uvijue kabla ya neno lolote gumu, kwa sababu vinageuza sentensi nzima na sisi tunavipita haraka kama tunavyosoma mesiji. "Anything but simple" maana yake si rahisi hata kidogo. "All but impossible" ni karibu haiwezekani. "Nothing if not careful" ni makini sana sana, na huyo ameshawadanganya wengi kwa sababu ameanza na "nothing". "For all its charm" ni pamoja na uzuri wake wote bado kuna kasoro inakuja. "Hardly" na "scarcely" zinakanusha bila kuonyesha "not" popote. Nukta mbili na nukta mkato nazo zinaongea, mara nyingi kinachofuata nukta mbili ni maelezo ya kilichotangulia, kwa hiyo ushahidi wako uko upande wa pili. Viandike kwenye karatasi, tunga sentensi mbili mbili kwa kila kimoja kuhusu mambo ya hapa hapa, bei ya kahawa, barabara ya Jinja, mechi za Cranes, mpaka vikukae.

Maswali ya jozi sasa. Unapewa sentensi moja yenye pengo moja na majibu sita, unachagua mawili, na sentensi mbili utakazopata lazima ziseme kitu kimoja. Mfano:

"The coffee trader was so ____ that even his oldest partners could only guess whether the season had brought him profit or loss."

Majibu: shrewd, taciturn, prosperous, reticent, generous, astute.

Mtego hapa ni mzuri kweli. "Shrewd" na "astute" ni mapacha, zote ni mjanja mwenye akili ya biashara, na mfanyabiashara wa kahawa mjanja tunamjua, kwa hiyo mkono unaenda wenyewe. Lakini sentensi haizungumzii ujanja, inasema hata wabia wake wa zamani walibaki kukisia, yaani mtu hasemi, ni msiri, mkimya, na jozi ni "taciturn" na "reticent". Wanaotunga mitihani hii wanapenda sana kuweka jozi ya mapacha isiyoingia kwenye sentensi, kwa ajili ya wale wanaotafuta mapacha kwanza na kusoma baadaye. Fuata utaratibu ule ule, funika, bawaba, ushahidi, neno lako, ndipo majibu. Ukiona neno lako limepata mshirika mmoja tu, basi rudi usome tena sentensi, umekosea maana mahali.

Maneno basi hayahitajiki? Yanahitajika, sana tu, ila yapangwe tofauti. Acha alfabeti. Chukua daftari, kila ukurasa uandike juu kichwa cha Kiswahili unachokijua vizuri tangu utoto, kisha chini yake kusanya maneno ya Kiingereza ya ukoo huo. Ukurasa wa mchoyo una parsimonious, miserly, stingy. Ukurasa wa mpiga domo una garrulous, loquacious, voluble. Wa mkimya una taciturn, reticent, laconic. Wa anayejipendekeza kwa wakubwa una obsequious, sycophantic, fawning. Wa mkaidi una obstinate, intransigent, obdurate, recalcitrant. Lakini mtu mwenye msimamo, yule anayeshikilia jambo jema, mpe ukurasa wake, tenacious, resolute, steadfast, kwa sababu mtihani unajali sana kama neno linasifu au linalaumu, na ukishajua upande tu, hata bila maana kamili, unaweza kuondoa majibu mawili matatu.

Halafu kuna maneno ya kila siku yaliyovaa maana nyingine, haya yana hatari kuliko yale magumu kwa sababu huyatilii shaka. "Check" ni kuzuia. "Arrest" ni kusimamisha kitu kisiendelee, kama kuoza au mmomonyoko. "Qualified praise" ni sifa zenye masharti, si sifa za mtu aliyefuzu. "Economy" ni kubana matumizi, hata matumizi ya maneno. "Wanting" ni pungufu. "Sanction" inaweza kuwa ruhusa na inaweza kuwa adhabu, sentensi ndiyo itakayoamua. Tengeneza ukurasa wao peke yao.

Kwa kurudia, programu ya AnkiDroid ni ya bure kwenye simu za Android na inafanya kazi bila data ukishaingiza kadi zako, inakurudishia neno linapokaribia kusahaulika. Kwenye kadi usiweke neno na tafsiri tu, weka sentensi yenye pengo na jibu nyuma. Maneno kumi mapya kwa siku yanatosha kwa mtu anayefanya kazi, na jam ya jioni ya Kampala ukiwa umekaa kwenye teksi itakupa muda wa kuyarudia yote. Zaidi ya hapo unajaza gunia lenye tundu.

Sasa vifungu, na hapa nina jambo la kusema kwa sisi tuliosoma Uganda hasa. Shuleni tumelelewa na General Paper, unapewa mada, unamwaga unayoyajua, mifano ya nchini, maoni yako, na unapata maksi kwa kujua mengi. Kwenye vifungu vya GRE tabia hiyo hiyo inakuangusha. Hapo unajua tu kilichoandikwa. Nikupe mfano wa kifungu, nakieleza kwa Kiswahili ila mtihani utakuletea kwa Kiingereza kizito:

Kwa miaka mingi lawama za kupotea kwa aina nyingi za samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wale nkejje, zilimwangukia sangara, aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950. Baadaye watafiti fulani wakasema kuna sababu nyingine pia, maji yalipoteza uwazi kwa virutubisho vinavyotoka mashambani na mijini, majike wakashindwa kuona vizuri rangi za madume wa aina yao, na aina zilizokuwa tofauti zikaanza kuchanganyika.

Swali: watafiti hao wangekubali lipi kati ya haya, chagua yote yanayofaa. Moja, sangara hakuhusika na kupotea kwa nkejje. Mbili, mabadiliko ya maji yalichangia kupungua kwa aina za nkejje. Tatu, uvuvi wa nyavu haramu ulichangia.

Mtu wa Masaka au Entebbe anayelijua ziwa atashawishika na la tatu, habari za nyavu haramu anazisikia redioni kila siku, na pengine yuko sahihi kuhusu ziwa. Kwenye kifungu hazipo. La kwanza nalo limevutwa kupita kiasi, watafiti walisema "pia", hawakumsafisha sangara. Jibu ni la pili peke yake, na ndiyo, kwenye maswali ya chagua yote yanayofaa jibu linaweza kuwa moja, mawili, au yote matatu, kila moja linahukumiwa kivyake. Kabla ya kubonyeza jibu lolote weka kidole kwenye mstari unaolithibitisha. Huna mstari, huna jibu.

Mfano huo unakuonyesha pia umbo linalorudi mara kwa mara, watu walidhani hivi, wengine wakaja na vile, na mwandishi anasimama mahali fulani katikati. Ukisoma usihangaike na majina ya kemikali au ya mchoraji usiyemjua, yatabaki pale pale kwenye skrini. Shika mambo matatu tu: nani anasema nini, wanapingana wapi, mwandishi yuko upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Majibu yenye "always", "never", "only" yachunguze mara mbili, kwa sababu waandishi wa vifungu hivi huwa wanaongea kwa tahadhari. Kuna maswali yatakayokuambia ubonyeze sentensi ndani ya kifungu inayofanya kazi fulani, hayo ni mepesi kama ulikuwa unafuatilia nani anasema nini. Na yale ya kudhoofisha hoja, tafuta hitimisho kwanza, uliza limeegemea dhana gani isiyotajwa, jibu litaigonga hiyo dhana.

Mazoezi ya kusoma yasiwe ya maswali peke yake. Kila siku chagua makala moja ndefu nje ya fani yako, mhasibu asome biolojia, daktari asome historia ya sanaa, tovuti ya The Conversation ina makala za wasomi bure kabisa na nyingi zinahusu Afrika, Aeon nayo ni bure ila Kiingereza chake kizito zaidi, nacho ndicho kinachokaribia mtihani. Makala za maoni za Daily Monitor au New Vision zinafaa kwa kuanzia. Kila aya ikiisha simama, iseme kwa Kiswahili kwa sentensi moja kama unamweleza mama yako jikoni. Ukishindwa kuisema hukuielewa, irudie. Zoezi hili linachosha na wengi wanaliruka, na ndilo nimeona linawabadilisha watu zaidi katika wale tunaosoma nao wikendi pale Wandegeya.

ETS wenyewe, wale wanaoitunga GRE, wanatoa mitihani miwili kamili ya bure inaitwa POWERPREP, inafunguka kwenye kompyuta. Ufanye mmoja mwanzoni kabisa, hata kama hujajiandaa, ili ujue unaposimama, wa pili uweke mpaka zibaki wiki mbili hivi. Fanya kwa saa, mlango umefungwa, simu mbali. Kati ya hapo tumia maswali ya ETS kuliko ya kampuni nyingine, manake wengine wanatunga maswali yanayopima neno gumu tu, wakati ya ETS karibu kila mara ushahidi uko ndani ya sentensi.

Na uwe na daftari la makosa, banange hili msilidharau. Usiandike "jibu ni C". Andika kwa nini ulivutwa na jibu la kosa: nilipita bawaba, sikulijua neno, nilileta yangu kutoka nje, muda uliniishia. Baada ya wiki chache utaona kosa moja linarudi kuliko mengine, na hilo ndilo la kushughulikia, si kila kitu kwa pamoja.

Muda siku yenyewe ni wastani wa dakika moja na nusu kwa swali, lakini mapengo na jozi yamalize ndani ya dakika moja kila moja ili vifungu vipate nafasi. Swali likikugomea chagua jibu lolote, liwekee alama, songa, unaruhusiwa kurudi maadamu uko ndani ya seksheni ile ile.

Kuhusu mahali, ukiingia kwenye akaunti yako ya ETS utaona vituo na tarehe zilizopo, na unaweza pia kufanyia nyumbani kwa kompyuta yenye kamera na maikrofoni, ukiwa peke yako chumbani. Kama mtaa wenu umeme unakatika ovyo mimi ningekwambia nenda kituoni. Na jina, hasa sisi ambao majina yetu yanapangwa kila ofisi kivyake, lijaze kama lilivyo kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Programu nyingi zinafunga maombi Desemba na Januari, kwa hiyo ukifanya Oktoba unabaki na nafasi ya kurudia.

Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 21, mpaka mara tano ndani ya miezi 12, alama zinadumu miaka mitano, na unaweza kuchagua ni mtihani upi utumwe chuoni. Lakini kabla hujalipa mara ya pili fungua lile daftari. Kama mengi yaliyokuangusha ni "sikulijua neno", wiki tatu za kadi zinaweza kukusogeza. Kama ni "nilileta yangu kutoka nje" au "nilipita bawaba", usiweke tarehe bado, rudi kwenye makala, sentensi moja kwa kila aya, mpaka ufanye vifungu vyote vya seksheni nzima ukiwa na mstari wa kuonyesha kwa kila jibu, ndipo ulipe.